Meno Arobaini ya Delmar Stroup

Mdogo wangu Delmar anajua kuhesabu mpaka arobaini. Akipita hapo huanza kukohoa na kutafuta mtu wa kumlaumu. Nasema haya nikiwa dada yake wa tumbo moja, niliyemfanyia hesabu zote za shule tangu darasa la tatu hadi walimu walipochoka wakampitisha. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema katika mji wetu wa Dacey, ni mimi Velda.

Kwa miaka mingi ungemkuta mgahawani kwangu kila asubuhi, meza ya dirishani, tumbo limetangulia mbele yake, anakula mikate na mchuzi mweupe wa soseji huku akieleza watu namna ya kupanga gia. Ana miaka hamsini na tisa. Wakati wa mavuno anaendesha lori la ngano, na miezi iliyobaki anaendesha domo. Wageni wanaokuja Oklahoma kucheza kwenye matuta yetu ya mchanga walikuwa wakimzunguka na vikombe vyao vya kahawa, naye akiwaonyesha ukuta ulio juu ya kabati la pai. Hapo palikuwa na gia ya nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, chuma cha mviringo kipana kama sahani, meno thelathini na nane, kimepigiliwa kwa misumari mitatu. Chini yake kibao: DELMAR STROUP, MFALME WA MCHANGA. Kibao alikiandika mwenyewe, na rangi nilinunua mimi. Miaka kumi na moja iliyopita aliwashinda mbio watu sita wa Texas kwa siku moja kwa gia hiyo, na tangu hapo hakuna asubuhi aliyoamka asiitaje.

Mashindano yetu ni mafupi. Yadi mia moja za mchanga, pikipiki mbili, bendera inashuka, na kabla hujameza mate yamekwisha. Kwa hiyo ushindi unapikwa gereji. Gia ya nyuma ikiwa na meno mengi, pikipiki inachomoka kama imefukuzwa lakini inaishiwa mbio mapema. Meno yakiwa machache, mbio zipo huko mbele, ila kuchomoka ni mtihani. Jino moja tu linatosha kukuaibisha mbele ya wakwe zako. Ndiyo maana kwetu hakuna anayeonyesha gia yake. Watu huzifunika kwa matambara, kwa soksi, na Hoyt Brasher, ambaye sasa ndiye anayeshusha bendera, enzi zake alifunika ya kwake kwa aproni ya marehemu mama yake. Mtu wa Dacey atakubali umwone na nguo za ndani kabla hajakubali uone gia yake ya nyuma. Anayechungulia huitwa mwizi, na mwizi hasemeshwi mpaka msimu uishe.

Delmar alifunika yake kwa taulo la bluu, tena kwa fundo tatu. Alikuwa na haki ya kufunika, maana yeye mwenyewe hakujua kilichokuwa chini ya taulo.

Aliyejua ni mkewe. Ruthanne alikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha chakula cha mifugo, miaka thelathini, mwanamke mwembamba, mkimya, na miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nimemwona akifanya kazi katika gereji yao mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Alikuwa akimkalisha Delmar juu ya pikipiki, anachora mstari wa chaki kwenye tairi, anaisukuma mpaka tairi imalize mzunguko mmoja, kisha anapima sakafuni kutoka chaki hadi chaki. "Tairi ikikaliwa na Delmar si tairi ile ile," alikuwa akisema. Kutoka hapo alianza kukokotoa. Alijua injini iwe inalia vipi pale inapovuka mstari, na alirudi nyuma kutoka mstari huo hadi kwenye meno. Asubuhi hewa ikiwa baridi alibadilisha jeti ya kabureta, akaweka ya tundu kubwa ili injini inywe petroli zaidi. Mchana wa joto akarudisha ya tundu dogo. Akifungua plagi aliitazama rangi kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa nyeusi, injini imeshiba kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, pistoni iko njiani kuyeyuka. Alitaka rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, na hakuondoka gereji mpaka aipate. Delmar wakati huo alikuwa amesimama pembeni, akimpa spana isiyofaa.

Kisha Jumamosi alivaa jaketi lake jekundu, akashinda, akaja kwangu kueleza alivyofanya. Ruthanne alikaa kando yake akila mayai. Sisi wote tuliona ni sawa. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Yaliharibika Februari. Kijana mmoja wa Texas, mwenye adabu zake, aliuliza, "Mzee Delmar, mtu anaanzaje kuchagua gia?"

Delmar akavuta pumzi ndefu ya mtu asiyejua. Ruthanne alikuwa anapaka mkate siagi. Bila kuinua macho akasema, "Anza mwisho. Jua injini yako iwe wapi unapovuka mstari, halafu rudi nyuma. Na pima tairi ukiwa umeikalia."

Kijana akamgeukia na kiti chake chote, akatoa kalamu. Delmar akaona hadhira inahama. Akacheka kile kicheko chake cha kujaza chumba.

"Kijana, usije ukamsikiliza mke wangu ukaua injini. Hesabu zake huyu ni za unga wa keki."

Meza nzima ikacheka. Nami nilicheka, birika la kahawa mkononi. Ruthanne akamaliza kupaka siagi, akala mkate wake, akaniomba maji.

Wiki iliyofuata alinunua pikipiki kuukuu ya magurudumu manne kwa mjane mmoja wa barabara ya juu, akaja kuniomba ghala langu lililo nyuma ya mgahawa. Nilimpa. Ghala lina kufuli moja na funguo mbili. Mmoja akauchukua yeye, wa pili ukabaki kwangu kwenye msumari karibu na mashine ya kahawa. Jumapili, baada ya kanisa, watu wakiwa wamejaa, akaweka uma chini.

"Delmar, mwisho wa Mei nitakimbia na wewe."

"Na mimi? Utakimbia na mimi wapi, sokoni?"

"Mchangani. Nikikushinda, siku hiyo hiyo utasimama hapa kwa wifi, mbele ya watu, useme nani amekuwa akipanga gia zako. Zote. Na ile ya ukutani."

"Na nikikushinda mimi?"

"Nitanyamaza mpaka nife. Nimeshazoea."

"Na nikishindwa, nikikataa kusema?"

"Naondoka. Dada yangu ana chumba Kansas."

Alisema bila kupandisha sauti, kama anavyosoma uzito wa gunia. Hoyt Brasher akamgeukia Delmar, kofia mkononi. "Ndugu yangu, mimi ningekuwa wewe ningepiga magoti sasa hivi, kabla pai haijaletwa."

"Nimpigie magoti mwanamke wa miaka hamsini na saba?" Delmar akasema. "Velda, niletee pai."

Nikaleta.

Kwa mara ya kwanza maishani mdogo wangu alilazimika kuingia gereji peke yake. Machi aliyeyusha pistoni. Aprili akayeyusha nyingine, na lawama akaitupia petroli. Ruthanne alinisimulia jinsi Delmar alivyokuwa akija kusimama mlango wa jikoni, anajikuna shingo.

"Mke wangu, leo kuna baridi, eh?"

"Ipo."

"Injini kwenye baridi hupenda jeti kubwa zaidi, au ndogo?"

"Sijui, mume wangu. Mimi ni mtu wa keki."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini niliona Ruthanne hacheki. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza na kukikunjua, na akaniambia, "Wifi, akiniuliza vizuri hata mara moja tu, nitamwambia. Nitaacha yote haya." Delmar hakumuuliza vizuri. Hakujua namna ya kuuliza, kwa sababu maisha yake yote majibu yalikuwa yanamfuata mezani pamoja na chakula. Na aliyeanza kumpelekea majibu mezani najua ni nani.

Alhamisi ya kabla ya mashindano, saa tisa mchana, mgahawa mtupu, akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Dada, nipe ufunguo wa ghala."

"Wa nini?"

"Nimesahau spana yangu humo."

"Hujawahi kukanyaga humo."

"Dada."

Alilisema neno hilo vile vile alivyolisema akiwa na miaka minane na daftari mkononi. Mtu mzima, mvi kichwani, anakwenda kumchungulia mkewe gia. Nilimdharau kweli kweli pale aliposimama. Nikautoa ufunguo msumarini nikampa.

Hakumaliza dakika kumi. Alirudi na grisi vidoleni, uso unang'aa. "Arobaini! Nyuma arobaini, mbele kumi na tatu. Nimehesabu mara mbili."

"Hakufunika?"

"Kaweka kitambaa tu juu, hata fundo hakupiga. Anazeeka yule, anasahau."

Mtu mwenye akili ya kuku angejiuliza. Ruthanne hajawahi kusahau kufunga hata mfuko wa chumvi. Lakini Delmar alikuwa ameshatoka mbio, na usiseme mzee hawezi kukimbia. Siku ya pili akaweka gia ya meno arobaini nyuma, na ile ndogo ya mbele ya meno kumi na tatu, sawasawa na alivyohesabu. Halafu, ili amalize kazi, akanunua tairi mpya, ndefu, zile zenye makasia mazito ya mpira ya kuchotea mchanga, kwa sababu zilimvutia macho.

Jumamosi mji wote ulikuwa kwenye matuta. Ruthanne alikuja na tairi zake kuukuu, fupi, makasia yake ameyapunguza kwa kisu mpaka yakawa membamba. Ana ratili mia na ishirini akiwa amelowa. Delmar siku hizi ana mia mbili na themanini kabla ya kifungua kinywa. Akaketi kwenye pikipiki yake na jaketi jekundu ambalo zipu yake haijafungika tangu mwaka juzi, akanikonyeza. Nilitamani mchanga unimeze.

Hoyt akashusha bendera. Pikipiki ya Ruthanne ikachomoka, pua imeinuka kidogo, inalia sauti moja safi kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale ilipovuka mstari ndipo sauti ilipofika kileleni, si kabla wala baada. Ya Delmar ilijaribu. Tairi ndefu ni sawa na kupunguza meno, hata mimi mpika mayai nilikuwa nimelijua hilo kwa kumsikia Ruthanne, na juu yake kulikuwa na ratili mia mbili na themanini. Injini ikasongwa, ikanguruma kama ng'ombe aliyekwama tope, ikaja kupata pumzi Ruthanne akiwa ameshavua kofia yake ya chuma.

"Njia yangu mchanga laini!" Delmar akapaza sauti. "Mnaona wenyewe! Tubadilishane!"

Wakabadilishana. Safari hii alishindwa kwa mbali zaidi.

Akashuka, akaipiga tairi teke, akaumia kidole. "Haiwezekani. Haiwezekani! Gia ni zile zile!"

Akajiziba mdomo, lakini kulikuwa kumeshakucha. Watu mia mbili walikuwa wamesikia. Ruthanne alikuwa anapangusa miwani yake kwa upindo wa shati.

"Meno ulihesabu, Delmar," akasema. "Tairi hukupima."

"Alihesabu?" Hoyt akauliza. "Alihesabu wapi?"

Delmar akanitazama mimi, mpumbavu yule, akanitazama mbele ya watu wote kana kwamba bado nina daftari lake. Nikajitia kutafuta kitu mkobani.

Saa tisa mgahawa ulijaa hadi mlangoni. Ruthanne alikuwa amepakia pikipiki yake kwenye tela, na tela lilikuwa nje, limeelekezwa barabara ya kaskazini. Akaketi mahali pake pa siku zote. Nikamwekea kahawa. Hakuigusa. Delmar akasimama, akashika mkanda wa suruali.

"Basi," akasema. "Ahadi ni ahadi. Ruthanne amekuwa akinisaidia-saidia. Kunishikia taa. Kunipa spana. Mke mwema, sikatai."

Watu wakatazama sahani zao.

"Na ile ya ukutani?" Ruthanne akauliza.

Nilimwona mdogo wangu akipima. Kwa mara moja katika maisha yake alikuwa anapima kitu. Angesema neno moja tu, mwanamke yule angefungua tela. Sote tulijua. Nilimwombea, Mungu ni shahidi, nikiwa nyuma ya kaunta nimeshika kitambaa cha kupangusia.

"Ile ni yangu," Delmar akasema. "Ile niliipanga mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Ruthanne akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeona mizani imetulia. "Wifi," akaniambia, "ishushe."

Sasa niseme jambo ambalo sijalisema. Siku ile miaka kumi na moja iliyopita, Delmar alipopanda ngazi na nyundo, aliyemshikia gia ukutani ni mimi. Nilikuwa nimeishika vile ilivyokuja mkononi, na nikaona vitone vidogo vilivyogongwa kwa nyundo na msumari, vimepangwa kuwa maandishi. Nikayasoma. Delmar akasema, "Igeuze, Dada, upande huo umechafuka." Chuma kilikuwa kisafi kama sahani. Nikaigeuza.

Nikachukua nyundo. Misumari ilitoka kwa kelele. Nikaipindua gia nikaiweka juu ya kaunta, na Hoyt, ambaye alikuwa karibu, akainama akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama wanavyosoma kanisani:

"Meno 38. Tairi inchi 62 na nusu. Joto 94. Mzigo: Delmar, ratili 240. R.A.S."

Ruthanne Abbott Stroup. Jina la mdogo wangu lilikuwemo pia, tusimwonee. Lilikuwemo kama mzigo.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Delmar alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Haya basi," akasema, "haya, ni yeye. Nimesema. Mmesikia wote, nimesema, ni Ruthanne!"

"Sasa hivi kila mtu ameshasoma, Delmar," Ruthanne akasema.

Akasimama, akavaa jaketi lake la kinu. Alipofika kwenye kaunta akasimama mbele yangu. Nilidhani atanishukuru kwa kuishusha. Kweli nilidhani hivyo, ndivyo nilivyo.

"Mtu mmoja hawezi kushika na kupigilia," akasema. "Nani alishika?"

"Mimi, wifi."

"Ulisoma?"

Ningeweza kusema sikuwa na miwani. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Damu moja na Delmar.

"Nilisoma," nikasema.

Akaniangalia kwa muda, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ghala, akauweka juu ya kaunta karibu na mkono wangu.

"Huu mpe Delmar awe na wake," akasema. "Asikusumbue tena."

Akatoka. Tulisikia tela likigonga pale barabara ya kaskazini inapovuka reli, kisha kelele zake zikapotea. Delmar akarudi mezani kwake, akaketi, na baada ya kitambo akaniuliza kama pai imebaki.